Ruta ya Nyumbani na Faragha ya Familia

Ruta ni kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani. Hupokea mawasiliano ya mtoa huduma kwa waya wa faiba au kwa laini ya simu, kisha huyasambaza kwa simu, kompyuta, televisheni na kamera za ulinzi. Kila kinachoingia na kutoka kwa njia hiyo hupitia humo. Hata hivyo hakuna chombo kinachosahaulika kama hiki: fundi hukifunga, huhakikisha taa zinawaka, huaga, na hakiguswi tena mpaka siku mtandao unapokatika.

Chini ya ruta hubandikwa kikaratasi chenye jina la mtandao, nywila ya waifai na anwani ya kuingilia kwenye mipangilio, aghalabu 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikumbukwe kwamba nywila ni mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza humruhusu mtu kutumia intaneti. Ya pili humkabidhi ruta nzima: anayeijua anaweza kubadili ya kwanza, kufungia vifaa vya wengine, hata kuyaelekeza mawasiliano ya nyumba kwenye seva za matapeli. Katika ruta nyingi za zamani nywila hiyo ya pili ni "admin" tu, na mwenye nyumba hajawahi kuiona.

Hatari yake si ya kufikirika. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka mtandaoni ikijaribu majina na nywila za kiwandani, jozi zipatazo 60 hivi, na kamera na ruta zikafunguka kwa wingi. Oktoba 21 mwaka huo vifaa vilivyotekwa kwa njia hiyo vilitumika kuishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikitafuta anwani za tovuti kwa majina yake. Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa kwa watumiaji wengi. Wenye vifaa hivyo waliendelea na shughuli zao bila kujua kwamba kamera ya mlangoni imo vitani.

Kinga ya kwanza ni kubadili nywila zote mbili. Ya pili ni kuchagua usimbaji wa WPA2, uliotoka mwaka 2004, au bora zaidi WPA3 wa mwaka 2018, na kuzima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa tarakimu nane ambazo mvamizi anaweza kuzikisia.

Kuna suala la wageni. Kumnyima mgeni waifai si uungwana, na hakuna haja, kwani ruta nyingi za leo zina mtandao wa wageni unaompa intaneti bila kumfikisha kwenye kompyuta za familia. Televisheni na kamera nazo zinafaa kuwekwa huko.

Programu ya ruta huzeeka kama ya simu, nayo yahitaji masasisho. Watengenezaji wengine huyasitisha baada ya miaka michache huku kifaa kikiwa bado kizima. Hapo ndipo OpenWrt inapofaa, programu huria iliyoanza mwaka 2004 kutokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G. Kwa ruta inazozikubali, hurefusha maisha yake bila gharama ya kununua nyingine.

Yapo ambayo ruta haiyazuii. Tovuti zenye HTTPS huficha yanayosomwa na kuandikwa, lakini mtoa huduma kwa kawaida bado huona jina la tovuti iliyotembelewa. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Sheria hizo humbana anayekusanya taarifa za watu, na ni jambo jema. Nywila ya ruta, hata hivyo, ni jukumu la mwenye nyumba. Ambaye hajawahi kuibadili na aibadili leo, aiandike kwenye daftari, na amwonyeshe mtu mwingine mmoja wa nyumbani jinsi ya kufanya hivyo.