Roboti, Uvumi na Mwenye Kuwajibika

Swali la kama wajibu wa kuhakiki habari unaweza kukabidhiwa mashine lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Tana River, ambako Wapokomo wa Wenje hulima kandokando ya mto na Waorma hushusha mifugo kupitia malka, yaani njia za mifugo ziendazo majini, na ambako mapigano kati yao ya 2012 na 2013, yakiwamo mauaji ya Riketa ya tarehe 22 Agosti 2012, yaliua zaidi ya watu 100 upande wa Garsen. Baada ya mapigano hayo, shirika la Sentinel Project la Kanada lilianzisha mradi wa Una Hakika, uliopokea uvumi kwa simu, ukauliza watu waliokuwa karibu na tukio, kisha ukawarudishia wananchi majibu.

Siku hizi msimamizi wa kundi la Telegram anaweza kuweka roboti, yaani programu inayosoma kila ujumbe na kufuta, kuonya au kumtoa mwanachama kwa kanuni iliyoandikiwa. Kanuni hiyo mara nyingi ni orodha ya maneno yaliyokatazwa, nayo hunasa matusi. Lakini taarifa kwamba ng'ombe wameingia shambani, au kwamba mchungaji hakurudi jana, haina tusi hata moja, tena huenda ikawa kweli, na ikiandikwa kwa Kipokomo au Kiorma, orodha iliyotungwa kwa Kiswahili na Kiingereza haiioni kabisa. Aya ya 6 ya Sura ya Al-Hujurat katika Qur'ani inaagiza habari ya fasiki ichunguzwe, na kuchunguza ni kwenda kuuliza, kazi ambayo programu haina miguu ya kuifanya. Hata maonyo matatu kabla ya kufukuzwa, ambayo kijuujuu yanafanana na hatua za kumwonya mkosaji katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, hayana lile lengo la kumpata tena ndugu aliyekosa.

Katika fiqhi ya Kiislamu, mukallaf, yaani mtu anayebebeshwa wajibu wa kisheria, sharti awe na akili na awe amebaleghe. Roboti haina nia wala hesabu ya kutoa, kwa hiyo dhima humrudia aliyeiweka, pamoja na anayemiliki seva, yaani kompyuta inayoiendesha, na anayeshika ufunguo wake wa siri, kwa kuwa roboti iliyopewa usimamizi husoma maneno ya watu wote. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, nayo inampa mtu kinga dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake.

Seva ikiwekwa nyumbani Wenje na umeme ukakatika usiku, Telegram huhifadhi ujumbe ambao roboti haijaupokea kwa muda usiozidi saa 24, lakini watu hawausubiri: watakuwa wameshausoma, na kuufuta asubuhi huondoa ushahidi bila kuondoa hasira. Kwa hiyo madaraka yanayoifaa roboti ni madogo: kufunga kundi kwa muda pale ujumbe unapozagaa kwa kasi isiyo ya kawaida, huku kulifungua kukiachiwa watu, mmoja anayeaminiwa na Gasa, baraza la wazee wa Wapokomo, na mwingine na Matadeda la Waorma, baada ya kuwapigia simu walioko malkani.