Bahasha ya Jumapili na Mshahara wa Mwanagenzi

Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na ya kugoma, lakini madaktari walipogoma kuanzia Machi hadi Mei 2024, Serikali ilishikilia kwamba bajeti isingeweza kuwalipa wanagenzi, yaani wahitimu wanaotibu chini ya usimamizi kabla ya kupata leseni kamili, zaidi ya shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa pamoja wa 2017 uliwaahidi takribani 206,000. Ufinyu huo, ajabu, hauonekani Jumapili, wakati wanasiasa wa Serikali na wa upinzani vilevile wanapopanda madhabahuni na bahasha nene, huku wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, wakiwa wamewahi kukaa miezi mingi bila mshahara. Biblia na Hadithi za Mtume zote zinakataza kucheleweshwa kwa ujira wa kibarua. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto zirejeshwe, hatua adimu na ya kupongezwa. Msikilizaji wa Saboti na Kitale, kabla ya kumpigia makofi mgombea wa 2027 kanisani, na amuulize alivyopiga kura bajeti ya mishahara hiyo ilipojadiliwa.