Daftari la Jumuiya

Mwaka niliomaliza kidato cha sita nilirudi Lipingo kusubiri matokeo, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa katibu wa jumuiya. Hapakuwa na uchaguzi wa maana. Mama mwenyekiti alisema mwandiko wangu unasomeka, watu wakapiga makofi, nikakabidhiwa kaunta buku lenye jalada gumu. Upande wa kushoto kulikuwa na majina ya kaya 18. Juu zilipangwa tarehe za Jumamosi. Aliyefika anawekewa alama ya vema, asiyefika anawekewa kosa. Kurasa za nyuma zilikuwa za michango: zaka, mavuno, ada ya jumuiya, ujenzi wa nyumba ya katekista. Nililipenda daftari lile. Nilipiga mistari kwa rula na kuandika majina kwa wino mweusi, tarehe kwa wino mwekundu.

Baadaye chuoni nilisoma maadili kwa mihula miwili, na sikumbuki swali lolote la darasani lililonisumbua kama kurasa zile. Humo ndani kuna mtu niliyesaidia kumnyima mazishi.

Nilimwita baba mdogo. Hatukuwa ndugu wa damu, lakini alikuwa rika la chini ya baba yangu, jirani, na aliwahi kunibeba mabegani nikiwa mdogo. Alikuwa mvuvi wa usipa, tena wa kuajiriwa, katika mtumbwi wa mtu mwingine. Alifariki mwezi Juni, kwa ugonjwa wa siku nne. Asubuhi viongozi wa jumuiya tulikutana chini ya mwembe, na katekista akauliza swali ambalo kila Mkatoliki wa kijijini Tanzania amewahi kulisikia: marehemu alikuwa mwanajumuiya hai? Siku ile hakuna aliyeona ajabu kumuulizia maiti kama alikuwa hai.

"Katibu, soma," alisema mama mwenyekiti.

Nikasoma. Jumamosi 96 katika miaka miwili. Vema 11. Makosa 85. Zaka, hakuna. Mavuno, hakuna. Ada ya jumuiya, mara tatu. Nilisoma kwa sauti iliyonyooka, kama nilivyofundishwa kusoma somo kanisani.

"Kuna la kuongeza?"

"Hapana," nilisema.

Uamuzi haukuchukua muda. Katekista hatakwenda na kanzu, kwaya haitaimba, msalaba wa jumuiya hautatangulia jeneza. Atakayependa aende kama jirani. Nilikwenda kama jirani. Waislamu na Waanglikana wa mtaa wetu walichimba kaburi, na mzee mmoja wa Kianglikana akatangulia sala kwa maneno aliyoyajua kwa moyo. Mama mdogo, mke wa marehemu, aligeuka mara kwa mara kuangalia njia inayotoka kanisani. Mpaka udongo unafukiwa alikuwa bado anaisubiri kwaya.

Ni rahisi sana, ukiwa umesoma na umeondoka, kusimulia kisa kama hiki ili wasomaji wenzako watikise vichwa kuhusu ukatili wa watu wa dini. Ningependa nisifanye hivyo, kwa sababu naifahamu jumuiya ile. Mama yangu alipojifungua mdogo wangu wa mwisho kwa upasuaji, ni jumuiya iliyochanga nauli, ni wanawake wa jumuiya waliolima palizi ya mihogo yetu, ni mama mwenyekiti mwenyewe aliyelala sakafuni hospitalini siku sita. Hakuna serikali wala bima iliyofanya hivyo. Na watu wale hawakuwa na kitu cha ziada cha kutoa. Walitoa kwa sababu Jumamosi iliyotangulia walikuwa wamekaa kwenye mkeka wetu na wakaona tumbo la mama limeshuka vibaya.

Baada ya mazishi nilimfuata mama mwenyekiti, nikamwambia nimelala vibaya. Alikuwa anaanika muhogo. Hakukasirika.

"Mwanangu," alisema, "katika msiba wewe huwa unafanya kazi gani?"

Nikasema huwa naandika rambirambi.

"Mimi huwa nachota maji. Kila msiba. Wako tuliozoea kuchota, na wako waliozoea kuletewa. Wasiokuja wakipata sawasawa na wanaokuja, Jumamosi ijayo nimwambie nani aje?"

Sikuwa na jibu, na sehemu ya jibu bado sina. Manung'uniko yake yamo katika Injili yenyewe, katika mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu: walioanza kazi alfajiri wanaona waliokuja jioni wakilipwa dinari ileile. Mahubiri mengi niliyosikia huwasema vibaya wale wa alfajiri, kana kwamba hawakuwa na hoja. Walikuwa na hoja. Walikuwa na jua lote la mchana mgongoni. Mhubiri anayewacheka, aghalabu si yeye atakayechota maji.

Hivyo swali langu si kama jumuiya iwe na masharti. Kikundi kisichodai kitu kwa mtu yeyote hakiwezi kumlalia mtu sakafuni siku sita. Swali langu ni daftari linapima nini, na anayelishika anadaiwa nini.

Jumuiya ndogo ndogo hazikuanzishwa kwa ajili ya kupima. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, 1962 hadi 1965, maaskofu wa Afrika Mashariki walijiuliza Kanisa litaishije mahali ambapo padre anafika mara chache na parokia moja ina vijiji vingi. Katika mkutano wao wa AMECEA, Nairobi, mwaka 1976, waliamua kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo iwe kipaumbele cha uchungaji. Picha waliyoitazama ni ile ya Matendo ya Mitume: waamini wanaokutana nyumba kwa nyumba, wanaomega mkate, wasioacha mwenzao apungukiwe. Jimbo letu la Mbinga lilipozaliwa mwaka 1986 lilizaliwa ndani ya mpango huo.

Lakini hapa Tanzania mpango huo uliangukia udongo uliokwisha kulimwa. Tangu miaka ya 1960 TANU ilikuwa na nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake, na ukitaka kitu ofisini unaanza kwa barua ya balozi. Mimi naona tulichanganya urithi huo miwili bila kuambizana. Kwa Mitume tulichukua mkeka na mkate. Kwa balozi tulichukua orodha na barua. Leo ukitaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa, unaanza na barua ya jumuiya inayothibitisha kwamba unajulikana. Neno "kujulikana" ni zuri kwa ubatizo. Tatizo linaanza pale kujulikana kunapogeuka kuwa hesabu ya vema.

Miezi kadhaa baada ya msiba kaunta buku lilijaa, nikaanza kuhamishia majina kwenye jipya. Nilipofika kwa marehemu niliona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yamelipita kila wiki. Vema zake 11 hazikutawanyika ovyo. Zilikuja mojamoja, nyingi zikiachana kwa mwezi mmoja, miwili au mitatu kamili. Nikachukua simu, nikatafuta tarehe za mwezi mpevu katika miaka ile miwili. Vema 9 ziliangukia siku za mbalamwezi. Mbili zilizobaki zilikuwa za Juni mwaka uliotangulia, wakati upepo wa mwera ukivuma na mitumbwi inalala nchi kavu.

Mtoto yeyote wa ziwani angeweza kunieleza. Usipa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Taa inawaka juu ya maji, samaki wanaifuata, wavu unavutwa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawaoni sababu ya kuifuata taa, na wavuvi wanalala kwao. Usiku wa giza mitumbwi inarudi alfajiri, usipa unagawanywa, unauzwa, unaanikwa kabla jua halijapanda na nzi hawajafika. Jumuiya yetu ilikutana Jumamosi saa 12 asubuhi. Saa hiyo ilipangwa zamani na watu wa mashamba na walimu, ili wawahi kazi zao. Hakuna aliyewakusudia mabaya wavuvi. Ni kwamba siku ya kupanga, yamkini walikuwa wanashusha samaki.

Na jingine, hili zito zaidi kwangu. Mwenye mtumbwi alikuwa mwanajumuiya mwenzetu, na mstari wake ulikuwa na vema karibu mfululizo. Aliweza kuamka kitandani kwake na kuja kusali kwa sababu kuna mtu alikuwa majini kwa niaba yake. Kwenye daftari walikuwa jirani, mmoja juu ya mwingine. Nilikuwa nimewapigia mstari kwa rula ileile.

Nisimgeuze baba mdogo kuwa mtakatifu. Zilikuwapo Jumamosi nyingi za mbalamwezi ambazo hakuja, na baadhi najua alikuwa kilabuni. Hakupenda vikao. Aliwahi kusema mbele yangu kwamba watu wa jumuiya wanasali kama wanahutubia. Ningependa kisa hiki kimhusu mtu aliyeonewa kabisa, ingekuwa rahisi kwangu kukiandika. Alikuwa mtu wa kawaida ambaye uvivu wake na kazi yake vilichanganyika, na daftari langu halikuwa na safu ya kuvitenganisha.

Pia nilikuta kosa ambalo ni langu peke yangu. Jumuiya huzunguka, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Ratiba niliipanga mimi. Kwa muda wote wa ukatibu wangu sikuwahi kuipanga nyumba yake. Nilijiambia hahudhurii, kwa nini nimsumbue? Kwa hiyo hata mbalamwezi moja hatukukaa kwenye mkeka wake.

Inanishangaza, kwa sababu katika ufuo huu Ukristo ulifika kwa mashua. Wazee wa Kianglikana bado wanamtaja Shemasi Mkuu William Percival Johnson wa misheni ya UMCA, aliyelizunguka ziwa hili kwa zaidi ya miaka 40 na kufia Liuli mwaka 1928. Misheni ile ilikuwa na meli yake, *Charles Janson*, na baadaye *Chauncy Maples*, iliyopewa jina la askofu aliyezama humu ziwani mwaka 1895. Sitaki kuipamba enzi ya wamisionari, ina mengi ya kujibu. Ila meli ilisimama pale mitumbwi inaposimama. Sisi tuliokuja baadaye tulipanda juu ya mchanga, tukajenga, tukapanga saa.

Chuoni nilifungua Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Kanuni ya 1184 inataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa: walioikana imani waziwazi na wazushi, waliochagua kuchomwa maiti kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa hadharani ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao, ni kama hawakuonyesha dalili ya toba kabla ya kufa, na penye shaka aulizwe askofu. Asiyelipa ada ya jumuiya hayumo. Nilisoma ukurasa huo mara tatu, nikatafuta aliyekosa vikao. Naye hayumo. Tulikuwa tumetunga sheria kali kuliko ya Roma, chini ya mwembe, kwa ushahidi wa kijana wa miaka 20.

Kuna wenzangu wanaosema suluhisho ni kuyachoma madaftari. Imani ni ya moyo, kwa nini tuhesabiane? Sikubaliani nao. Yule mchungaji wa kondoo 100 aliyeacha 99 akaenda kumtafuta mmoja, alijuaje kwamba mmoja hayupo? Alihesabu. Katika parokia kubwa za mjini ninakosali siku hizi hakuna anayenihesabu, na naweza kukosa miezi mitatu bila mtu kubisha hodi. Huo nao si upendo. Mama mwenyekiti aliliona tumbo la mama yangu kwa sababu alikuwa anatuhesabu.

Nami nilihesabu. Makosa 85, moja baada ya jingine. Kila Jumamosi niliandika kwamba fulani hayupo, nikafunga daftari, nikaenda kunywa chai. Kutoka kwetu hadi kwake ni mwendo wa dakika mbili, unapita chanja za usipa, mwembe, choo cha jirani. Nilipoulizwa kama kuna la kuongeza, lilikuwapo. Ningeweza kusema: hakuna kati yetu aliyewahi kwenda kumuuliza. Hata hilo tu lingetosha kumfanya katekista anyamaze kidogo kabla ya kuamua.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani likizo. Katibu mpya alikuwa amesafiri, nikaombwa nimshikie daftari kwa Jumamosi moja. Saa ni ileile, 12 asubuhi. Usiku ulikuwa wa giza. Nilipotoka nje niliona taa za wavuvi bado zinaelea mbali, chache. Mama mdogo alikuwa wa kwanza kufika. Niliambiwa tangu mumewe afe hajakosa hata mara moja, na anatoa zaka kwa kuuza vitumbua. Nilipitisha kidole kwenye mstari wake: vema, vema, vema, mpaka mwisho wa ukurasa.

Tulipomaliza sala alinisogelea, akanishika mkono, akainama kuchungulia daftari ingawa hajui kusoma.

"Mwanangu," alisema, "umeniweka?"

Nikamwonyesha alama yake. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza kama wino huo haufutiki.