Mwenye kihamba hana fulana

Wiki hii yote ndugu zangu wananiuliza kwa nini sijaisifia picha. Picha yenyewe ni nzuri, sikatai. Imepigwa kwa droni kutoka juu, migomba imetuzunguka pande zote, bati jipya linang'aa, na sisi tumejipanga mistari mitatu tukiwa na fulana za kijani zenye jina la ukoo kifuani. Wengine wameshaiweka kwenye wasifu wa simu zao. Mimi naiangalia, naiacha, kisha naifungua tena, na kila nikiifungua namtafuta mtu mmoja ambaye hayumo.

Tulikwenda Mwika, Kilimanjaro, kwa mkutano wa ukoo wakati wa Pasaka. Kwa kawaida watu wa mlimani tunapanda Desemba, na yeyote aliyewahi kutafuta tiketi ya Moshi wiki ya Krismasi anajua kinachotokea pale stendi ya Magufuli. Mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hulazimika kutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada. Hata treni ya Moshi, iliyorudi Desemba 2019 baada ya kusimama miaka mingi, haijamaliza msongamano huo. Ndiyo maana kamati ya ukoo ikachagua Pasaka: mapumziko ya siku nne, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, barabara ina nafuu. Kamati haikuwaza mvua, na masika hayana kamati.

Tuliondoka Dar es Salaam Ijumaa Kuu alfajiri. Bibi yetu angekuwa hai tusingethubutu. Kwake hiyo ilikuwa siku ya kufunga hata redio, seuze kufunga safari. Garini nilikuwa na mke wangu, watoto, na mama yangu mzazi, ambaye hukaa kiti cha mbele na kuniendeshea gari kwa mdomo. Barabara ya kaskazini inataka dereva mtulivu. Kwenye makazi ya watu mwendo ni 50, na tochi za trafiki hazina undugu na mtu, faini ni 30,000. Tunaopishana tunaonyana kwa taa, watu tusiojuana kabisa. Chalinze tukakata kulia. Wami tukavuka kwenye daraja jipya bila kusubiri malori yapite kwanza kama zamani, Segera watoto wakadai machungwa, na kuanzia Mombo milima ikatukalia mkono wa kulia, Usambara kwanza, halafu Upare, saa baada ya saa.

Nyuma ya gari tulikuwa tumebeba boksi la fulana. Fundi wa Kariakoo alichelewa kuzichapa, na gari letu ndilo lililokuwa la mwisho kuondoka, basi tukakabidhiwa sisi. Kila fulana ilikuwa ndani ya nailoni yake, na juu ya nailoni kuna karatasi yenye jina la mwenyewe. Tulipopita Hedaru mwanangu alikuwa ameshachoka kuangalia mkonge na vichaka, akalifungua boksi na kuanza kusoma majina kwa sauti. "Bibi, huyu ni nani wetu?" Mama akawa anamjibu bila kugeuka: huyo ni baba yako mkubwa, huyo ni mke wa baba yako mdogo wa Arusha, huyo mwite dada hata kama ana wajukuu. Kwa kweli nilifurahi. Mtoto wa Dar es Salaam hapati somo la namna hiyo shuleni, na mimi mwenyewe majina mengine nilikuwa nimeyasahau.

Kisha mtoto akauliza, "Na ya baba mdogo wa nyumbani iko wapi?"

"Tafuta vizuri," Mama akasema.

Alitafuta vizuri. Haikuwepo. Ya mke wake haikuwepo, wala za watoto wao.

Tuliposimama Same kula, nikampigia mweka hazina wa kamati, ambaye kwa umri ni kaka yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza tumefika wapi, nikamwambia, kisha nikamuuliza. Akajibu bila kusita: "Hajatuma, mdogo wangu. Laki moja kwa kila kaya, tulitangaza kwenye kundi mara ngapi? Orodha imefungwa." Hakuwa na ubaya wowote. Ila tangazo lilikuwa kwenye kundi la WhatsApp, na huyo ndugu yetu anatumia simu ya kitochi.

Huyu baba mdogo wa watoto wangu ndiye anayekaa kwenye kihamba cha babu yetu, yaani shamba la nyumbani. Kwa desturi ya Wachagga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Wakubwa hukatiwa kwao, wa katikati wengi hutafuta maisha mbali. Baba yake alikuwa kitinda mimba wa babu, akabaki. Alipofariki, mwanawe huyu akabaki. Amepewa kihamba, ndiyo, lakini amepewa pia makaburi yetu yote, maana sisi tunazikana migombani. Anapalilia kati ya makaburi yale. Masale ya mpakani akiyaona yamekauka anapanda mengine, kwa sababu sale likitoweka, mpaka unatembea. Mbuni wa babu uliotulipia ada za shule enzi za kahawa anaupogoa hadi leo, ingawa bei ya kahawa haijamlipa kwa kazi hiyo. Mtu wetu akifia Mwanza au Dubai, yeye ndiye anayeamka usiku kutafuta vijana wa kuchimba.

Himo tukaiacha barabara ya Moshi, tukapanda Marangu, tukakata kwenda Mwika huku mvua imeshaanza. Lami ilipoishia tukabaki na kile kinjia cha kwenda nyumbani, udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Gari likakaa. Nikikanyaga mafuta linazidi kuzama na kuirushia migomba tope. Hatujakaa sana akatokea yeye, amejifunika nailoni kichwani, mkononi jembe na magunia mawili. Hakuuliza kitu. Alichimba mbele ya matairi, akavuta majani makavu ya migomba akayatandika, juu yake magunia, akaniambia, "Weka namba mbili, usikanyage kwa hasira." Gari likatoka. Akatusalimia tukiwa tumeshafika uani, mmoja mmoja, akaanza na Mama. Kisha akafungua nyuma, akajitwika mizigo, na cha kwanza alichobeba ni lile boksi.

Jumamosi sitaieleza sana. Yeye ndiye aliyetafuta mbuzi, ndiye aliyekata ndizi, ndiye aliyekopa masufuria kanisani. Mke wake alikuwa ameshapika mbege siku kadhaa kabla, na anayejua mbege anajua kwamba si juisi: ndizi zichemshwe na zichachuke, ulezi uoteshwe, ukaushwe, usagwe, na mwanamke anaipika huku ana ng'ombe wa kukatia majani. Sisi wa mjini tulikuwa tunaulizana kama mtandao unashika.

Jumapili ya Pasaka tukaenda ibadani. Ibada ikiisha kwenye sharika zetu za Kilutheri hakuna anayekimbilia nyumbani, kwa sababu nje kuna mnada. Asiye na fedha taslimu ameleta mkungu wa ndizi, mwingine mayai kwenye kikapu, mwingine jogoo, mwingine kisado cha maharage. Mzee mmoja anavinadi mbele ya watu, kwa utani mwingi, na fedha inaingia kwenye sadaka. Kuna bwana alimnunua jogoo, akamrudisha anadiwe tena, na kuku yule yule akauzwa upya. Kanisa lile limejua tangu zamani kwamba mtu anaweza kuwa na utajiri usiopita kwenye simu, likatafuta njia ya kuupokea. Tulikuwa pale wote, mweka hazina wetu akiwa mstari wa mbele, na mayai alinunua.

Mchana ukafanyika mkutano. Kulikuwa na hema, spika na mshereheshaji aliyekodiwa. Ukafika wakati wa picha. Mshereheshaji akatangaza: "Wenye fulana tu kwanza, tafadhali, ili rangi ipendeze." Mwenye nyumba alikuwa amesimama kati ya wazee wawili, sufuria mkononi. Akacheka kidogo, akatoka, akaenda kusimama upande wa jikoni. Mke wake hakuhitaji kutoka, hakuwa amekuja. Nikamwambia mwenyekiti kwamba hii haijakaa sawa, akanituliza: baada ya hii itapigwa ya watu wote. Droni ikapaa, tukatabasamu, ikashuka, na mvua ikamwagika. Ya watu wote haikupigwa.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa. Kwamba mkutano hauendeshwi kwa hewa. Kwamba hema linalipiwa, mchele unalipiwa, na ukimsamehe mmoja kesho watakuja kumi na hadithi zao. Hilo la mwisho lina ukweli. Tunao ndugu wenye nyumba za vigae Mbezi Beach ambao mchango ukitajwa simu zao huishiwa chaji. Hao wafuatwe, tena kwa majina. Lakini mtu aliyelinda mahali pa mkutano mwaka mzima, akatuvuta kwenye tope na kutupikia, anadaiwa nini hasa? Hema tulilikodi siku moja na tukalipa bila kunung'unika. Ua tulimosimika hema lile hatukuuliza hata ni shilingi ngapi.

Wapo wanaoniambia, "Kama ulijua tangu Same, si ungemlipia?" Hapo ndipo tunapopotezana. Ningeweza, laki moja isingenivunja. Lakini ningekuwa nimemnunulia kiti kwenye ua wake mwenyewe. Angekuwa mgeni wangu pale ambapo mimi ndiye mgeni, na watoto wake wangejua kwamba walivaa fulana kwa hisani ya baba mkubwa wa Dar es Salaam. Heshima ya mtu hailipiwi na ndugu yake kwa simu. Na hata ningelipa, orodha ingebaki ile ile, na mwakani angekosekana mwingine: shangazi mjane aliyeko Rombo, kijana asiye na ajira, binti aliyeachika akarudi kwao. Shangazi yangu mmoja alinong'ona nyuma yangu wakati tunapangwa, "Mie nimezaliwa kwenye nyumba hii, leo ndiyo nimepewa tiketi."

Tiketi ni neno lake, na sidhani kama kuna lingine. Tumeichukua kamati ya harusi, na kadi zake za mtu mmoja na za watu wawili, tukaipeleka kwenye ukoo. Harusi ni shughuli. Usipochanga hukaribishwi, na hakuna anayelia. Ukoo hauna mlango wa namna hiyo. Mbuzi akichinjwa kwetu, mgao unafuata nafasi ya mtu: kipo cha mzee, kipo cha mjomba, kipo cha aliyechinja, na aliyezaliwa wa mwisho naye anajua chake. Hakuna mahali katika mgao ule ambapo mtu anaulizwa ametoa kiasi gani. Watu wanagombana, bila shaka, na wengine wamenuniana miaka kwa ajili ya kidari, lakini wanagombea nafasi, na nafasi hiyo ipo hata kwa asiye na senti.

Sijaja kuwafundisha watu namna ya kuendesha koo zao. Labda kwenu fulana zinapendeza na kila mtu anayo. Labda mimi ni mshamba. Lakini kwetu fulana zife. Zimetugharimu karibu theluthi ya michango yote, hesabu iko kwenye kundi, na kazi pekee zilizofanya ni kuonyesha nani hakutuma. Fedha hiyo ingemwaga kokoto kwenye kile kinjia na chenji ingebaki. Michango iendelee, ichukuliwe kwa wenye mishahara na biashara, na kwenye ile orodha kazi iandikwe pamoja na fedha: huyu mbege, huyu mbuzi, huyu ulinzi wa makaburi tangu baba yake afariki. Mweka hazina anasema ulinzi wa makaburi hauna bei. Basi auandike hivyo hivyo, hauna bei, kwenye mstari wa kwanza.

Bajeti ya mwakani imeshatumwa, na fulana zimo, safari hii za kola. Mwenyekiti ameniandikia pembeni kwamba nisiharibu furaha ya watu. Nimemjibu kwamba mkutano ujao ukiwa Mwika, kabla ya rangi na kola, kamati impigie mwenye nyumba kwenye kitochi chake na kumwomba nafasi kwa sauti, kama watu wanavyobisha hodi. Kama hilo ni gumu, wakodi ukumbi Himo. Huko watu huingia kwa kadi na hakuna anayeona vibaya.