Kumchungulia Msomaji

Nina miaka kadhaa sasa natuma kijarida cha vitabu kwa barua pepe, kila Jumapili jioni. Na kila Jumatatu asubuhi, hata chai sijanywa, nilikuwa nakimbilia ukurasa wa takwimu kuona nani kafungua. Sio wangapi tu. Nani, saa ngapi, mara nyingine hata akiwa mji gani.

Inavyofanyika ni hivi. Ndani ya barua huwekwa kijipicha cha pikseli moja kisichoonekana kwa macho, na kila mpokeaji ana chake chenye anwani ya peke yake. Ukifungua barua, simu yako inakwenda kukichukua kwenye seva, na huko inaandikwa: huyu kafungua, saa 3:12 usiku. Wewe hukuulizwa kitu.

Septemba 2021 Apple walitoa iOS 15, na ndani yake kinga ya faragha katika programu yao ya barua. Kwa aliyeiwasha, picha hizo zinapakuliwa kupitia seva za Apple, mwenyewe afungue asifungue. Basi kwenye takwimu zangu watu wa iPhone wakageuka wasomaji hodari kuliko wote. Namba zikapanda, nami nikavimba kichwa. (Na miezi ile, kusema kweli, nilikuwa naandika ovyo.)

Wataalamu wa kazi hii hushauri orodha isafishwe: asiyefungua miezi sita, mtoe. Kila anwani unailipia, ushauri si wa kipuuzi. Nikatoa watu. Mmojawapo alikuwa mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari, sasa mstaafu.

Wiki chache baadaye akanipigia simu. Sijamaliza hata shikamoo yangu, akaniuliza, "Mwanangu, nimekukosea nini? Mbona barua zako hazinifikii?"

Kumbe alikuwa anasoma zote. Alizima tu picha zisifunguke zenyewe, kuokoa bando. Anasoma maandishi matupu, na alinitajia makosa mawili ya sarufi ya mwezi uliopita. Nikajitetea kwamba nilidhani hasomi. Akanyamaza kidogo. "Ulijuaje kama nasoma au sisomi?"

Nikasema mtandao ulisumbua. Nilimdanganya mwalimu wangu nikiwa na umri huu.

Ningeweza kuilaumu takwimu, maana kweli imekosea pande zote mbili: asiyesoma kahesabiwa, anayesoma kafutwa. Lakini swali lake halikuwa hilo. Tuseme kipimo kingekuwa sahihi kabisa, je, ningekuwa na haki ya kujua kwamba Mwalimu alifungua barua yangu saa tano usiku, akairudia alfajiri? Mwenye duka la vitabu anahesabu nakala alizouza, hakuna anayemlaumu. Ila hamfuati mteja hadi chumbani kuona kama kafika ukurasa wa kumi. Mimi nilikuwa namfuata, tena kwa miaka, na nikiita hiyo kazi kupenda wasomaji.

Rafiki yangu mmoja anasema nahesabu mibofyo basi, mtu akibofya kiungo ametenda jambo kwa hiari. Nusu nakubali. Amebofya ili akisome kitabu, hakubofya ili nijue.

Nimezima kipimo cha kufungua. Siku hizi chini ya barua naandika sentensi moja: ukitaka kuendelea kuzipata, nijibu hata kwa neno moja. Wanaojibu ni wachache mno ukilinganisha na namba nilizozoea, na sijui niwafanyeje walio kimya, kwa kuwa Mwalimu naye alikuwa kimya. Jumatatu asubuhi mkono bado unaitafuta ile takwimu, siwezi kuficha.

Mwalimu nimemrudisha kwenye orodha. Sababu ya kweli sijamwambia. Makala haya yanakwenda kwake Jumapili, bila picha hata moja.