Mtoto Asiwe Mkalimani wa Wazazi Wake

Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake ni Nakonde, nchi ya Zambia. Wanyamwanga wakaa pande zote mbili, na huko Mbozi wapo Wanyiha. Kijana anayejitolea kufundisha watoto katika mkoa wa Songwe huja na Kiswahili cha shule. Lakini huenda nyumbani akamkuta mama aliyezoea Kinyamwanga tu.

Nani basi awaunganishe? Mara nyingi huitwa mtoto mwenyewe. Hapo pana hatari. Mtoto mtoro atayafasirije maneno ya mwalimu? Atasema amesifiwa! Na hata akisema kweli, mama huketi kama mgeni katika shauri la mwanawe, na mtoto huwa mkubwa wa nyumba. Amri ya Nne imepinduliwa, wala hakuna aliyekusudia.

Wengine watasema: Mwalimu huyu halipwi, tumdai nini zaidi? Twajibu: sadaka haiondoi haki. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifundisha mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Awapitaye wazazi, hata kwa wema, hutwaa kisicho chake.

Basi mwalimu ajifunze salamu za wenyeji. Na penye shauri zito amwombe mtu mzima, katekista au jirani mwaminifu, awe mkalimani. Nanyi wazazi, msione haya kuuliza. Siku ya Pentekoste watu hawakulazimishwa kwanza kujifunza lugha ya Mitume. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake.