Je, Ubao Nao ni Ardhi?

Mfano wa Yesu kuhusu wajenzi wawili huchekesha kidogo ukisomwa Mwanza. Katika Injili ya Mathayo mwenye busara anajenga juu ya mwamba, mpumbavu juu ya mchanga. Lakini katika mitaa ya Mabatini, Igogo na Isamilo, mwerevu na mpumbavu ni majirani, na wote wawili wako juu ya mwamba. Msingi hausumbui. Swali limehamia juu kidogo, pale nyayo zinapokanyaga: kati ya mtu na udongo alioumbwa kwao, kitandikwe nini?

Wasukuma wa zamani hawakuhitaji kuuliza. Sakafu yao ilikuwa ardhi yenyewe, imeshindiliwa na kusiribwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Ikaja saruji, kisha vigae. Mwenye nyumba anayeamua leo kununua mbao za mninga, akashika msumeno na pima maji bila kuita fundi, anaingia kwenye mjadala wa karne nyingi wa Waislamu: paji la uso liguse nini katika kusujudu?

Madhehebu ya Jaafari ya Kishia, yanayofuatwa na Makhoja Ithnaasheri wenye jamaa yao hapo Mwanza, yanataka paji la uso katika sijda liguse ardhi, au kilichoota ardhini ambacho hakiliwi wala hakivaliwi. Zulia la sufi halifai. Ubao unafaa. Sababu inayosimuliwa kutoka kwa Imamu Jaafar as-Sadiq ni kali: watu wa dunia ni watumwa wa wanachokula na wanachovaa, basi anayemsujudia Mungu asiweke uso wake juu ya vitu hivyo.

Masuni wameufungua mlango zaidi; mkeka unatosha, zulia linatosha. Hata hivyo, wao ndio wenye simulizi tamu kuliko zote, nayo imo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume alipotengenezewa mimbari ya mbao, alisimama juu yake akawaswalisha watu, akarukuu hapo hapo. Ulipofika wakati wa kusujudu, alishuka kinyumenyume akasujudu chini, kisha akapanda tena. Alisema alitaka watu wamfuate na wajifunze swala yake. Lakini msomaji mwenye udadisi haachi kuiona picha ile: kusimama juu ya ubao, kusujudu juu ya udongo.

Je, ubao uliochanwa na kupigwa randa bado una nasaba na ardhi? Kazi yenyewe inajibu. Ubao haujui kwamba mti umekufa. Masika, hewa ya ziwa inapolowana, hunywa unyevu ukatanuka kwa upana, kiangazi hunywea. Ndiyo maana mbao hulazwa ndani ya chumba siku kadhaa kabla ya kutandikwa, na ukutani huachwa nafasi ya kama milimita 10, itakayofichwa na skatingi. Asiyeacha nafasi hiyo ataona sakafu imevimba katikati kama mgongo wa kiboko. Hata saruji iliyo chini hupimwa: bandika karatasi ya nailoni kwa gundi pande zote, uiache siku nzima. Ukikuta matone kwa ndani, ardhi bado inatoa jasho, subiri.

Mpaka hapo ubao ni mtoto halali wa udongo. Kinachovunja undugu ni kopo la mwisho. Vanishi nyingi za kisasa hukauka zikawa utando wa plastiki, na kwa mantiki ya Imamu Jaafar, paji la uso halijagusa mti tena. Mguu peku nao unajua tofauti hiyo, hata wa asiyeswali.

Kwa hiyo anayetandika mninga wake mwenyewe apake mafuta yanayonyweka ndani ya mbao, si vanishi. Mafuta hayo hufifia mapema, hasa mlangoni na njia ya kwenda jikoni, na itabidi apige magoti na kitambaa mkononi ayapake upya.